Redio ya ridhaa kisiwani Kipili kwa siku 4: tubebe nini, tuache nini?

Mwambao_Kgm (Kigoma)

Wakuu, habari za jioni.

Tuko wanne hapa Kigoma mjini, wote tuna leseni ya redio ya ridhaa (kuwasiliana hewani kwa hobi, si biashara) kutoka TCRA. Tunapanga kwenda visiwa vya Kipili, upande wa Nkasi, tukae siku 4 kwenye kisiwa kimoja na kurusha mawimbi mafupi usiku na mchana. Vifaa tulivyo navyo:

- redio ya wati 100, na ndogo ya wati 10 kama akiba
- betri moja ya lithiamu fosfeti, 12.8 V, 100 Ah
- paneli moja ya sola, wati 200
- kebo ya koaksi RG-58, mita 30
- nguzo ya faibaglasi ya kuvutika, mita 10
- laptopu moja ya kuandikia logi (daftari la mawasiliano) na kuendesha FT8 (mawasiliano ya kidijitali kwa kompyuta)

Tunaomba msaada kwenye haya. Kisiwa cha ziwani kinahesabika IOTA (mpango wa tuzo za kuwasiliana na visiwa)? Maji ya Tanganyika yanasaidia antena kama bahari inavyosaidia? Umeme huo utatosha bila jenereta? Na twende mwezi gani? Jenereta tunaiepuka kwa sababu ya mafuta na mtikisiko wa boti, si ubishi tu.

---

Fundi_Katubuka (Kigoma)

Mkuu, swali la IOTA nalijibu kwanza kwa sababu ndilo linaloamua mtatangaza nini hewani. Hapana, hakihesabiki. IOTA, iliyoanzishwa 1964 na Geoff Watts wa Uingereza, inahesabu visiwa vya baharini tu. Kisiwa cha ziwani au cha mtoni hakimo, hata kiwe kikubwa namna gani. Mkitaka namba ya IOTA ndani ya Tanzania, nendeni pwani: Unguja na Pemba ni AF-032, na visiwa vya pwani ya bara vina namba nyingine. Kwa DXCC (orodha ya nchi za redio ya ridhaa), Kipili ni Tanzania tu, 5H (mwanzo wa kolsaini, yaani jina la kituo hewani), sawa na Ujiji. Na Unguja vilevile ni 5H, maana Zanzibar iliondolewa kwenye orodha ya DXCC kama nchi ya peke yake mwaka 1974.

Msijaribu kusema hewani kwamba mko kwenye "kisiwa kipya". Watu watawaita kwa wingi siku ya kwanza, siku ya pili watagundua, na sifa ya kolsaini zenu itachafuka kwa miaka.

Mlicho nacho cha kweli ni mraba wa lokata, yaani gridi ya kutaja mahali duniani. Kigoma mjini ni KI45, Tabora mjini ni KI64, na Kipili inaangukia KI52. Wanaokusanya miraba wataufurahia huo. Semeni "Kipili, Ziwa Tanganyika, KI52" na inatosha.

Sasa maji. Hapa kuna imani mbili na zote zina kasoro: wapo wanaosema maji ni maji, na wapo wanaosema maji baridi hayana faida yoyote. Bahari hupitisha umeme kwa kiasi cha siemensi 5 kwa mita. Tanganyika lina madini mengi kuliko maziwa mengi ya maji baridi, lakini bado linafika karibu 0.065 tu, yaani mara 70 na zaidi chini ya bahari. Udongo wa kawaida ni kama 0.005. Ukisimamisha antena wima, kuna pembe fulani juu ya upeo ambayo chini yake ardhi inaanza kuumeza mwale wako badala ya kuuakisi. Kwa 14 MHz, pembe hiyo kwenye udongo wa kawaida ni karibu nyuzi 15. Juu ya Tanganyika ni karibu nyuzi 5. Juu ya bahari haifiki hata nyuzi 1. Kwa hiyo ziwa halitawapa kile wanachokipata wenzetu wa Pemba, lakini nyuzi 10 mnazozipata hapo ni kubwa sana, kwa sababu mawimbi ya kwenda Ulaya na Marekani yanaondoka kwa pembe za chini.

Faida hiyo mtaipata kwa upande ule tu ambao maji yako mbele ya antena. Kutoka Kipili, kwa dira, London iko nyuzi 339, New York nyuzi 310, Tokyo nyuzi 55. Visiwa viko karibu na ufuko wa mashariki wa ziwa, kwa hiyo Ulaya na Marekani zinapita juu ya maji, na Japani inapita juu ya nchi kavu na vilima. Wekeni antena kwenye ufuko wa kaskazini-magharibi wa kisiwa, mita chache tu kutoka majini. Ukiipandisha kilimani nyuma ya kambi kwa sababu "juu ndiko kuzuri", umeitupa faida yote ya maji.

Antena yenyewe iwe ya robo wimbi yenye radiali (waya za chini zinazotawanyika) zilizoinuliwa. Chukua 71.25, gawa kwa megahezi, unapata urefu kwa mita:

14.1 MHz: mita 5.05
18.1 MHz: mita 3.94
21.2 MHz: mita 3.36
28.4 MHz: mita 2.51

Waya wa 1.5 (milimita za mraba) wa kuvuta umeme wa nyumba unatosha kabisa, unapatikana duka lolote Mwanga. Kwa kila masafa kata waya mmoja wa wima na radiali 4 za urefu huohuo. Zote ziache ndefu kwa sentimita 15, kwa sababu ganda la plastiki hufanya waya ulio sawa na hesabu uonekane mrefu kwa redio, lakini kwa kiasi gani inategemea ganda. Ni rahisi kupunguza, kuongeza ni kazi. Kwenye 14 MHz, kila sentimita 5 unazokata zinapandisha masafa ambayo antena inafanya kazi vizuri kwa karibu 140 kHz. Pima, kata, pima tena. Kifaa kidogo cha kupimia antena, NanoVNA, kitawaokolea nusu siku.

Sehemu ya kuunganishia kebo iwe mita 2 au zaidi juu ya ardhi. Radiali ukizilaza sawasawa antena inakuwa na omu 36 hivi na SWR (kipimo cha antena kulingana na redio, 1 ndiyo bora) inakaa 1.4. Ukizishusha kwa mteremko wa nyuzi 45 inakaribia 50. Mteremko mkali hauna ulazima, 1.4 haiui redio. Lenye ulazima ni ncha za radiali: pale voltiji ni kubwa wakati mnarusha, na mtoto akishika anaungua kidole. Kisiwani watoto watakuja, hilo halina mjadala. Ncha ziwe juu ya kichwa cha mtu au zizungushieni kamba.

Kwa usiku, 7 MHz, tengenezeni dipoli ya V iliyopinduliwa: kila mkono mita 10 na ushee, kilele kwenye ncha ya nguzo.

RG-58 yenu iuzeni au iacheni nyumbani. Kwenye 28 MHz mita 30 zake zinakula karibu desibeli 2.5: unaingiza wati 100, antena inapata kama 56. RG-213 ya urefu huohuo inafikisha kama 76. Mkishindwa kuinunua, sogezeni meza ya redio karibu na antena, mita 12 zinatosha.

Umeme namwachia mwenzangu wa Tabora, najua yumo humu.

---

Nyuzi_Tabora (Tabora)

Nimo. Shukrani, Fundi.

Mwambao, tufanye hesabu kabla ya kununua chochote. FT8 kwa wati 50 (msiende 100, FT8 inapasha redio moto kuliko sauti): redio inavuta kama ampea 14 ikirusha na 1.2 ikisikiliza. Mzunguko wa FT8 ni sekunde 15, unarusha sekunde 12.6 halafu unanyamaza mzunguko mzima, kwa hiyo unarusha asilimia 42 ya muda. Wastani ni ampea 6.6. Laptopu ya wati 30 inaongeza 2.5. Jumla 9.1. Mkikaa hewani saa 12 kwa siku ni Ah 109.

Paneli ya wati 200, kwa saa 5 za jua kamili na upotevu wa robo njiani, inaleta Wh 750, ambazo ni Ah 58 au 59. Siku ya kwanza mnaanza na 100, mnaongeza 58, mnatumia 109: mnabaki na 49. Siku ya pili 49 na 58 ni 107. Mmetumia 109. Yaani usiku wa pili mnazima, na hapo nimewapa jua la kila siku bila wingu.

Njia ni mbili. Ama betri 2 na paneli za wati 400, ambazo kwa siku ya jua zinaleta Wh 1,500 dhidi ya matumizi ya 1,400. Au mbaki na mlivyo navyo na mkae hewani saa 9 kwa siku badala ya 12, saa mkizichagua vizuri hakuna hasara kubwa. Binafsi ningechukua ya kwanza, kwa sababu wingu la siku moja tu linaivunja ya pili.

Mkiunganisha betri 2 sambamba: ziwe za aina moja na umri mmoja, na kila moja ichajiwe peke yake mpaka ijae ndipo ziungwe. Ukiunga iliyojaa na iliyopungua, mkondo wa kwanza unaopita kati yao ni mkubwa na sakiti ya ulinzi ndani ya betri inakata. Mtu anadhani betri imekufa. Haijafa, imejizima.

Sasa jambo linalowaangusha wengi, na si betri wala paneli: ni waya kati ya betri na redio. Redio ya wati 100 ikisukuma kikamilifu inavuta ampea 22. Umbali wa mita 3, kwenda na kurudi mita 6. Kwa waya wa 1.5 mnapoteza volti 1.5. Betri ya lithiamu chini ya mzigo inatoa kama 13.0, redio inapata 11.5. Redio nyingi za 13.8 zimeandikwa kuvumilia asilimia 15 chini yake, yaani 11.7. Matokeo yake: ikisikiliza iko sawa, ukibonyeza tu na kuanza kuongea inazimika. Watu wanafungua redio kutafuta ugonjwa ambao haumo. Kwa waya wa 6 upotevu unashuka hadi 0.38. Nunueni wa 6 au wa 10, fupisheni, na fiyuzi ya ampea 30 ikae kwenye chanya, karibu kabisa na betri, si karibu na redio. Fiyuzi inalinda waya. Ikikaa mwisho wa waya haina inachokilinda.

Vishikio pia. Klipu za mamba za kuchajia pikipiki hapana. Bonyezeni viatu vya waya kwa koleo lake, vifungwe kwa boliti.

Paneli msizilaze chali. Juni jua la saa 6 mchana liko kaskazini ya Kipili kwa nyuzi 31 kutoka utosini, kwa hiyo inamisheni paneli kaskazini kwa nyuzi 30. Ukizilaza, saa hiyo ya adhuhuri peke yake unapoteza asilimia 14. Septemba mwishoni nyuzi 7 zinatosha, yaani jiwe moja tu chini ya ubavu wa kusini.

Chaja ya MPPT (kidhibiti cha sola) ni kelele. Inakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde na waya za paneli zinageuka antena yake. Jaribio ni dakika moja: saa 6 mchana sikiliza 14 na 21 MHz, chomoa paneli, sikiliza tena. Kelele ikishuka, msongeni waya wa chanya na hasi pamoja kama kamba, pitisheni mara kadhaa kwenye pete ya feraiti, na chaja ikae mita 10 au zaidi kutoka kwenye antena. Ikigoma, wekeni swichi kwenye paneli: mnapomsikiliza mtu dhaifu mnazima kwa dakika mbili.

Kuhusu kusafirisha: betri ya 100 Ah ni Wh 1,280, na kikomo cha betri ya lithiamu ya akiba kwenye ndege ya abiria ni 160. Kama kuna mwenzenu anakuja kwa ndege kutoka Dar, asiibebe.

---

Mwambao_Kgm (Kigoma)

Wakuu, hii ni darasa. Tumekubaliana betri ya pili na paneli ya pili.

Mambo mawili zaidi. Laptopu yetu hapa nyumbani inaganda tukirusha FT8 kwa wati 50, alama ya kipanya inasimama na redio inabaki inarusha yenyewe. Ni USB mbovu? Na je, tukiwa na redio mbili, tunaweza kuendesha vituo viwili kwa pamoja, kimoja 14 kingine 28?

---

Fundi_Katubuka (Kigoma)

USB ni nzima. Ni mawimbi yako mwenyewe yanayorudi juu ya ganda la nje la koaksi mpaka mezani. Antena yenye radiali chache huwa haina usawa kamili, na kebo inageuka radiali ya ziada. Ithibitishe hivi: rusha kwa wati 10, tazama SWR, kisha mwenzako ashike kebo kwa kiganja karibu na redio. Namba ikicheza, ndiyo hiyo.

Dawa ni choki, kizuizi cha mawimbi juu ya kebo. Pete ya feraiti FT240-31, RG-58 mizunguko 12 ndani yake (hapo kipande cha ile RG-58 kinapata kazi), ifungwe pale pale kebo inapoungana na antena. Ya pili ndogo mezani, kabla ya redio. Waya wa USB uwe mfupi wenye feraiti za kubana kila ncha. Pete zikikosekana, zungusheni kebo mizunguko 8 iliyopangana kwenye bomba la maji la inchi 4. Itasaidia 14 na 21, kwingine si ya kuitegemea. Kebo iliyozungushwa ovyo kama kamba ya ng'ombe haifanyi kazi hiyo, kwa sababu mzunguko wa kwanza unagusana na wa mwisho na mawimbi yanaruka katikati.

Na kwenye programu ya FT8 wekeni kikomo cha muda, ili redio isibaki inarusha mkiwa mmelala.

Vituo viwili: kwenu nasema hapana. 28 ni mara mbili ya 14, na 21 ni mara tatu ya 7. Mabaki ya mmoja yanaangukia juu ya mwingine. Ili vituo viwili viishi kisiwa kimoja kidogo mnahitaji vichujio vya kila masafa, kebo nzuri na umbali, na umeme mara mbili. Kituo kimoja ambacho hakinyamazi kinashinda viwili vinavyokoroma. Ile redio ya wati 10 ikae kwenye pipa lake ikisubiri.

Kama bado mna nafasi kwenye boti na mikono inawasha, fikirieni setelaiti ya QO-100. Imekaa nyuzi 25.9 mashariki, haisogei. Kutoka Kipili iko karibu utosini: mwinuko nyuzi 80, uelekeo 328. Mnapandisha kwa 2.4 GHz, mnapokea kwa 10.489 GHz. Dishi la kawaida la sentimita 80 au 90 linatosha, na fundi yeyote wa madishi wa hapa amezoea pembe hizo kwa sababu DStv iko nyuzi 36 mashariki, nayo inaangalia juu vivyo hivyo. Wakusanya miraba wengi wako huko, KI52 itawapa kazi hata wakati mawimbi mafupi yamelala.

---

Kusi_na_Kaskazi (Kigoma)

Salaam kwenu. Naona antena na umeme vimeshapata wenyewe, niseme ya ziwa na ya watu.

Mwezi. Juni hadi Agosti ni kiangazi, jua zuri, lakini ndiyo miezi ya kusi, na kusi linalifuata ziwa kwa urefu wake. Kipili iko nusu ya kusini ambako linapiga kwa nguvu zaidi. Novemba hadi Aprili ni mvua na radi. Kwangu mimi safari hii ni ya Septemba: kusi limepungua, mvua bado, na jua likiwa juu ya ikweta masafa ya 21 hadi 28 MHz kwa kawaida hufunguka vizuri.

Ndani ya Septemba chagueni siku za mbalamwezi. Sababu ni dagaa. Usiku wa giza ziwa linajaa taa za wavuvi, na taa za LED zenye vibadilisha umeme vya bei rahisi zinatoa kelele pana inayofunika 7 MHz yote, na mara nyingine mpaka 14. Taa ishirini zikizunguka kisiwa, sindano ya redio haishuki. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika, kwa sababu dagaa hawafuati taa kwenye mwanga. Hapo ndipo 7 MHz inakuwa kimya kama zamani. Mwaka 2024 uvuvi wa ziwa ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ukifungwa tena miezi hiyo nayo taa hazipo, ila kusi ndilo mtakalolipa. Na ikitokea mmekwenda siku za taa, msiende kuwaambia watu wazime kazi yao. Rusheni mchana, laleni usiku.

Kuvuka: alfajiri. Muulizeni nahodha wa pale Kipili, mwambieni uzito kamili wa mzigo na idadi ya watu, na yeye ndiye aseme leo tunavuka au hatuvuki. Akisema hatuvuki, hakuna mjadala wa ratiba. Majaketi ya kuokolea kwa kila kichwa, yakiwa yamevaliwa na si yamekaliwa.

Mzigo upangeni kwenye mapipa ya plastiki ya lita 60 yenye mfuniko wa kukaza na mpira. Kila pipa lisizidi kilo 20, mtu mmoja aweze kulishusha akiwa majini hadi kiunoni. Betri moja pipa moja, vichwa vyake vimefunikwa utepe. Pipa hilo likianguka linaelea. Redio kuu na redio ya akiba zisikae pipa moja, vivyo hivyo NanoVNA na multimita. Angalieni walichokutana nacho wale wa msafara wa redio wa 3Y0J kisiwa cha Bouvet, Februari 2023: bahari haikuwaruhusu kushusha kambi waliyoipanga, wakafanya kazi na kidogo walichofikisha ufukweni, na bado wakapata mawasiliano karibu 19,000. Waliweza kwa sababu kidogo hicho kilikuwa kituo kizima. Kwa hiyo pipa la kwanza na la pili kushuka ziwe, zikiwa peke yake, kituo kinachofanya kazi: redio, betri moja, waya, kebo fupi, antena ya 14 na 21, daftari na kalamu. Paneli, meza, hema, sufuria vifuate.

Watu. Leseni ya TCRA inawapa haki ya kurusha, haiwapi haki ya kupiga kambi. Pitieni kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti kabla hamjagusa ufuko, mkiwa na nakala za leseni na barua fupi inayoeleza: nani, siku ngapi, vifaa gani, namba za simu. Polisi wa karibu wapewe nakala pia. Mko kwenye ziwa la mpakani, na ng'ambo ni Kongo. Nguzo, waya na vijana wanne wanaoongea Kiingereza usiku vinahitaji maelezo kabla havijaombwa maelezo. Halafu mwiteni mwenyekiti aje asikilize. Mtu aliyeisikia sauti ya Japani ikitoka kwenye spika hatawatilia shaka tena, na atawalindia kebo dhidi ya mbuzi.

Kebo zinazovuka njia za watu zifukiwe au ziinuliwe. Usiku msishuke majini kurekebisha chochote, mamba wapo. Na radi: mkihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mwanga na ngurumo, chomoeni kebo kwenye redio, ncha yake itupwe nje ya hema, tokeni chini ya nguzo. Sekunde 30 ni kilomita 10.

---

Mwambao_Kgm (Kigoma)

Asanteni sana, mmetufungua macho. Septemba basi, siku za mbalamwezi.

La mwisho. Uendeshaji: tutumie ile hali ya mbweha ya FT8 wanayotumia misafara mikubwa? Na saa, kisiwani hakuna intaneti ya uhakika, logi inataka UTC (saa ya dunia) na mwenzetu mmoja anachanganya kila siku.

---

Nyuzi_Tabora (Tabora)

Ya mbweha iacheni. Ina sifa ya kujibu watu hadi 5 kwa mpigo, lakini nguvu inagawanywa: ishara 2 kila moja inashuka desibeli 6, ishara 5 kila moja inashuka 14, yaani wati 50 zenu zinakuwa 2 kwa kila mmoja. Tena hairuhusiwi kwenye masafa ya kawaida kama 14.074. Nyinyi ni 5H, mtaitwa na wengi lakini si kama Bouvet. FT8 ya kawaida inawatosha.

Kwa sauti, watu wakizidi, tumieni masafa mawili: sikilizeni kilohezi 5 hadi 10 juu ya pale mnaporushia, na mlitamke hilo kila dakika. Aliyeitwa kwa herufi mbili ajibiwe yeye mpaka amalizike, hata wengine wapige kelele vipi. Mkiyumba mara moja hamtawarudisha. Kolsaini yenu itajwe angalau kila baada ya watu watatu.

Ratiba: saa 1 hadi 4 asubuhi Japani kwenye 21 na 28. Mchana hadi jioni Ulaya, 28 na 24. Kuanzia saa 10 jioni mpaka saa 3 usiku Marekani, 28 ikishuka hamieni 21, kisha 14. Usiku wa manane 7. Saa 7 na 8 mchana kama pamepoa, mmoja alale.

Saa. FT8 haivumilii kompyuta iliyochelewa zaidi ya sekunde moja au mbili, na laptopu isiyo na intaneti inapotea taratibu kila siku. Kipokezi cha GPS cha USB kinairekebisha. Kikikosekana, linganisheni na GPS ya simu kila asubuhi, na tazameni safu ya DT kwenye programu: wote mnaowasikia wakionyesha 1.0 au zaidi upande mmoja, waliokosea si wao.

UTC kwa mwenzenu anayechanganya: asianze na saa za Kizungu kabisa. Achukue saa yetu ya Kiswahili. Mchana aongeze 3: saa 1 asubuhi ni 04, saa 6 mchana ni 09, saa 12 jioni ni 15. Usiku aongeze 15: saa 1 usiku ni 16, saa 4 usiku ni 19. Ikifika 24 aandike 00 na abadilishe tarehe, na hiyo ni saa 9 usiku. Hapo ndipo logi nyingi zinaharibika: mtu yuko hewani saa 8 na nusu, anaendelea mpaka saa 10, tarehe imebaki ya jana, na wote aliowasiliana nao baada ya saa 9 hawapati uthibitisho kwenye LoTW (mfumo wa mtandaoni wa kuthibitisha mawasiliano) kwa sababu siku hazifanani. Anayeshika zamu ya saa 9 usiku aandike tarehe mpya kwenye karatasi na kuibandika juu ya skrini.

Logi ya ADIF (faili la logi la kompyuta) inakiliwe kwenye flashi mbili kila asubuhi, moja ikae mfukoni mwa mtu na nyingine kwenye pipa la redio ya akiba.